Msomaji wa Fundi Sponji

Fundi Sponji hajui kukaa. Hilo analijua kila mtu mtaani, na wengine wanamwambia usoni. Mtu ametumia maisha yake yote kuwatengenezea wenzake pa kukalia, yeye mwenyewe kitako hakimtulii. Anakula amesimama, anaongea na simu huku akiizunguka meza, na ukimletea kochi lililobonyea atalipindua miguu juu, achane kitambaa, amwage matumbo yake yote sakafuni, kisha atoke nje kwenda kutafuta mkasi alioushika mkononi. Wateja wamemzoea. Kazi yake ni safi, kwa hiyo wanamvumilia.

Kitu kimoja tu kilimweza: filamu ya Kitamil. Na usije ukateleza ukasema filamu ya Kihindi, maana atakuweka chini akusomeshe mpaka ujute. Atakuambia Kihindi ni lugha ya kaskazini huko, hawa ni watu wa kusini, lugha yao nyingine kabisa, na ngumi zao ndizo usiseme. Kule kwingine, kwa maoni yake, watu wanapigana ili wapate sababu ya kuimba. Kwa Watamil wimbo ni wa kupumzisha mikono tu.

Alichokipenda hasa ni namna staringi wa Kitamil anavyovumilia. Anatukanwa, anamwagiwa chai, anasukumwa na vijana wasiomfikia kifuani, naye kimya, anaokota vitunguu vyake. Fundi hapo alikuwa anateseka kweli. Alikuwa akiinuka, akishika kichwa, akimwambia yule bwana kwenye televisheni kwamba inatosha sasa, inatosha. Halafu staringi anainama taratibu, anashika pindo la shuka alilojifunga kiunoni, analikunja mpaka magotini. Basi. Ukiona shuka limekunjwa, habari yao imekwisha. Watu wanatua juu ya mapaa ya magari, vyungu vinapasuka, kuku wanakimbia, na fundi naye karakanani kwake anarusha mateke hewani, mtu mzima na mvi zake. Siku moja alivunja mguu wa kiti cha mteja. Kiti kilikuja kubadilishwa kitambaa kikarudi kwao na mguu mpya juu yake, na mteja akamshukuru kwa ukarimu.

Tatizo lilikuwa moja. Kitamil hajui hata salamu, na maandishi yanayopita chini ya picha ni ya Kiingereza, tena yanapita kama yanakimbia mvua. Fundi akisoma maneno mawili, mstari mzima umeshakwenda. Ndipo alipompata Msomaji.

Msomaji ni binti wa dada yake. Jina hilo alimpa yeye, tangu msichana yuko shule ya msingi, kwa sababu kila Jumamosi mchana alikuwa anakuja karakana, anajitupa kwenye kochi lolote lililokwisha kuvishwa kitambaa, anakunja miguu, na kumsomea mjomba wake maandishi ya chini kwa Kiswahili. Mwanzoni alikuwa anababaisha. Neno asilolijua analiruka, au anatunga lake, na filamu nzima inageuka nyingine. Alivyozidi kukua akawa hodari, akaongeza na sauti: adui anamtolea sauti nzito ya kooni, mama wa staringi anamlilia, polisi mla rushwa anamsemea puani. Wapita njia walikuwa wanasimama mlangoni kusikiliza. Fundi mwenyewe alikuwa akisema, na hakuwa anatania, kwamba filamu bila Msomaji ni watu wanagombana tu.

Sasa nikuambie jambo lililokuwa linamkosesha raha mtu huyu. Msomaji hakuwa mtoto wa dada yake. Alikuwa wake, wa kumzaa.

Mke wa fundi alifariki siku ileile aliyojifungua. Fundi wakati huo alikuwa kijana kiguu na njia, leo yuko mji huu anapaka rangi, kesho mji ule anabeba mbao, na alipowekewa kile kichanga mikononi alitetemeka mpaka muuguzi akamnyang'anya. Dada yake, aliyekuwa ameolewa siku nyingi na hajapata mtoto, alimchukua. Alimchukua kwa sharti moja, nalo alilisema mbele ya mumewe: huyu ni wangu, usije siku moja ukanichanganyia mtoto. Fundi akakubali. Angekataaje, macho yamevimba, mfuko mtupu, na miguu yake inataka kuondoka? Akaondoka. Aliporudi mtoto alikuwa anatembea na kuongea, akamnyooshea kidole na kumwita mjomba kama alivyofundishwa.

Akafungua karakana mtaa wa pili ili awe karibu. Njia nyingine ya kuomba msamaha hakuijua. Na yule aliyemlea, mume wa dada, alikuwa karani wa ghala la saruji, mpole, mtu wa maneno ya kuhesabika. Msomaji alimwita baba mpaka siku walipomzika, mwaka juzi, na siku hiyo alilia mpaka sauti ikakauka. Fundi alikuwa amesimama pembeni yake, amemshika bega, mjomba wa watu.

Mambo yangeendelea hivyohivyo kama Msomaji asingepata kazi. Alipata kazi ya maabara nchi ya mbali, mkataba mrefu, na tiketi ikaja, ya Jumapili asubuhi. Katikati ya wiki dada akamfuata kaka yake karakana, jambo ambalo si kawaida yake, akasimama kati ya makochi yaliyochunwa ngozi, mkoba ameukumbatia. Alisema tangu mumewe afariki hapati usingizi kwa ajili ya jambo lile. Sharti amelifungua, lakini hakulifungua lote.

"Ukitaka kumwambia, mwambie kabla hajapanda ndege," alisema, "akiwa bado ana mahali pa kuja kulia. Sitaki aipate habari hii kwenye simu, peke yake, kwa watu asiowajua. Ukishindwa, umeshindwa. Utanyamaza mpaka kaburini, na mimi nitanyamaza."

Toka hapo fundi akawa si mtu wa kutazamika. Alishona foronya ya mto ndani nje. Alipigilia mkono wa shati lake mwenyewe kwenye kochi la mtu kwa bunduki ya pini, akabaki anavutana nalo kama mwizi aliyekamatwa. Usiku hakulala, mchana hakula. Alimwendea Msomaji nyumbani, amejikaza kisabuni, maneno yako mdomoni, akaishia kumuuliza kama amenunua sweta. Siku ya pili akaenda tena, akaishia kumuuliza kama sweta lenyewe ni zito. Msichana akamtazama, akacheka, akamwambia mjomba mbona una wasiwasi na baridi ya watu.

Ndipo likamjia wazo, na wazo lenyewe, jamani, lingeweza kumjia yeye tu duniani.

Kulikuwa na filamu mpya. Muuza filamu, yule anayewajazia watu picha kwenye flashi pale kona, alikuwa amempa juma lililopita, na fundi alikuwa ameshaitazama peke yake zaidi ya mara moja. Staringi ni dereva wa lori la mchanga, ndevu zina mvi, shingoni kovu. Zamani maadui walimwinda, akamwacha binti yake mchanga kwa mpiga pasi mmoja wa barabarani, mwenye kigari na pasi ya mkaa. Sasa amerudi. Anamlinda binti kwa mbali bila kujitambulisha, anawatandika wote wanaomsumbua, na karibu na mwisho, kwenye mvua kubwa, anapiga magoti mbele yake na kumwambia. Maneno yenyewe fundi alitafsiriwa na muuza filamu, huku mwenyewe ana wateja wake na anataka kumwondoa dirishani: mwanangu, mimi ndiye baba yako, nilikuacha kwa sababu nilikupenda.

Umeuona mpango? Msomaji atayasoma maneno hayo. Kwa mdomo wake mwenyewe, kwa ile sauti ya staringi. Kazi ya fundi itakuwa kubonyeza kitufe, kusimamisha picha, na kusema: ndivyo ilivyo, mwanangu. Yote mengine atakuwa ameshayasema msichana mwenyewe. Miaka yote ya kumpenda mtoto wake, na huo ndio ujasiri wote aliojikusanyia.

Jumamosi Msomaji akaja, nywele zimesukwa upya, amechoka kwa kuagana na watu. Fundi alikuwa amefagia karakana, jambo lililomshtua msichana, na amerudisha mlango nusu. Harufu ya gundi ilikuwa palepale. Msomaji akachagua kochi la buluu, akakunja miguu, akasema haya, tuone huyu wa leo anaua wangapi. Fundi akasimama nyuma ya kochi, rimoti mkononi, kijasho chembamba kinamtoka kabla hata lori halijaonekana.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Msomaji aliwatolea sauti zao wote, na mwenye duka mnafiki akampa kigugumizi ambacho kwenye filamu hakipo. Kwenye pigano la sokoni, lile ambalo staringi anarusha kikapu cha pilipili juu, anapiga watu, na kikapu kinashuka kumkuta amemaliza, fundi kwa kawaida angekuwa ameruka. Safari hii alikuwa anatazama kisogo cha msichana. Msomaji akageuka akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, aangalie mbele.

Kabla kidogo ya nusu hiyo kwisha kulikuwa na kipande ambacho fundi hajawahi kukitilia maanani. Siku zote alikitumia kwenda kunywa maji. Ni asubuhi ya mtihani wa binti, na mpiga pasi anainyoosha blauzi yake mara ya pili ingawa imeshanyooka. Anapuliza jivu lisidondokee kola. Binti anaivaa, anapanda basi, basi linaondoka, na mzee amebaki barabarani mkono uko juu, hata baada ya vumbi kutulia. Hakuna neno wala muziki.

"Rudisha nyuma," Msomaji alisema.

Fundi akarudisha. Akamwambia rudisha tena. Alikitazama kipande kile kimya, maana hakukuwa na cha kusoma, kisha akasema yule mzee anafanana na baba. Si sura, ile namna ya kusimama. Baba alikuwa akimpigia viatu vyake vya shule brashi hivyohivyo, akasema, vimeshang'aa na bado anapiga. Fundi akajibu eeh.

Nusu ya pili maadui walimkamata mpiga pasi wakitaka awaonyeshe aliko binti. Akapigwa, hakusema. Akafia kwenye benchi la hospitali, na filamu ikampa nafasi ya kufumba na kufumbua, kwa sababu staringi tayari ameshakunja shuka lake. Pigano lililofuata, kwenye tanuri la matofali, ndilo lililomfanya fundi aipende filamu hii kuliko zote. Moto nyuma, vumbi jekundu, staringi anawamaliza watu kwa pasi ileile ya marehemu. Alikuwa amewasimulia wateja pigano hilo mpaka wakaomba waachwe waende. Lakini karakanani sauti zilikuwa zimekwisha. Adui hakuwa tena na sauti ya kooni. Msomaji alisoma maneno makavu, kama anasoma maelekezo ya dawa, na halafu hata hayo akaanza kuyapunguza.

Mvua ikaanza. Staringi akapiga magoti kwenye tope. Fundi akaweka kidole juu ya kitufe. Midomo ya staringi ilianza kucheza. Maandishi yakapita chini. Msomaji hakusema kitu.

"Anasema nini?" fundi akauliza.

"Anajitetea."

"Soma, basi."

"Nimesoma, mjomba. Nimechoka naye." Hakugeuka. "Aliyemlea hata kuzikwa hatujaonyeshwa. Huyu analia mvuani, na sisi tumwonee huruma kwa sababu anajua kupigana."

Fundi akabonyeza. Picha ikaganda, staringi mdomo wazi, matone ya mvua yamesimama hewani. Mpango ulikuwa umekwisha hapo, na yeye alijua umekwisha. Angeweza kuiachia filamu iendelee. Angemsindikiza mpaka nyumbani, angembebea sanduku kesho, angempungia mkono, na angebaki mjomba mwema mpaka afe. Miguu yake ilitaka kutoka nje. Kwa mara ya kwanza hakuisikiliza. Alizunguka kochi, akasimama kati ya msichana na televisheni.

"Huyo ni mimi," alisema.

Msomaji akamtazama, hakuelewa. "Wewe ni nani?"

"Huyo anayelia. Wewe ni mwanangu. Mama yako alifariki akikuzaa, dada akakuchukua, mimi nikaondoka. Na mimi sikuwa na adui hata mmoja. Niliogopa tu."

Msomaji alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja aambiwe ni utani. Hakuambiwa. Kicheko kikamwisha usoni kidogokidogo. Alishusha miguu sakafuni, akakaa wima, akauliza swali ambalo fundi, katika kujizoeza kwake kote, hakuwa amelitegemea.

"Baba alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Alikuwepo."

Akafunika uso kwa viganja. Fundi alitaka kumshika bega, mkono ukaishia njiani. Alipofunua uso macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia, na kutulia huko ndiko kulikomtisha fundi. Alisema kwa hiyo leo umeniita nikusomee haya. Ulitaka mimi ndiye niseme. Fundi akaangalia chini kwenye vipande vya sponji, akasema ndiyo. Uongo wa kusema hakuwa nao tena.

Msomaji akavaa viatu, akachukua mkoba, akatoka. Fundi alimfuata mpaka mlangoni, akamfuata mpaka kona, akamwona anakata kulia kuelekea kwa mama yake, anatembea haraka, karibu anakimbia. Hapo akasimama. Jioni dada akapiga simu, akasema yuko hapa, usije. Fundi akauliza kama anaweza kuja kesho kumsindikiza. Dada akasema hapana, kaka yangu, usije.

Jumapili asubuhi fundi alikuwa karakana, hana kazi ya kufanya Jumapili, anachuna kochi ambalo hakuna aliyemwambia alichune. Aling'oa pini moja moja. Aliacha, akawasha televisheni, akaitafuta filamu ile, lakini pigano la tanuri alilipita. Alikwenda kwenye kipande cha pasi. Akakitazama peke yake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mpiga pasi ana alama za kuungua kwenye kifundo cha mkono, nyingi, za zamani, na kwamba kabla ya kuinua mkono kumpungia binti anaufuta kwanza kwenye shati. Mtu aliyeitengeneza filamu alikuwa ameviweka vyote hivyo, na yeye wakati wote alikuwa anakunywa maji. Akamkumbuka shemeji yake, karani, mwenye vumbi la saruji kwenye kope. Alilia pale amesimama, bisibisi mkononi, wala hakujificha.

Simu ikaita. Alikuwa Msomaji. Hakumwita mjomba, wala hakumwita jina jingine lolote. Alisema yuko kwenye chumba cha kungojea, wameshakaguliwa, wanapanda sasa hivi. Nyuma yake sauti ya mwanamke ilikuwa inatangaza safari za watu wengine. Alisema jana amelala na mama kitanda kimoja, na mama ni mama yake, na baba ni baba yake, hilo lisiguswe. Fundi akasema ndiyo. Alisema bado ana hasira naye, na hajui itakwisha lini, asimharakishe. Fundi akasema ndiyo, hataharakisha.

Fundi akadhani ataagwa.

"Aliyenizaa," Msomaji akasema. "Nimemuuliza mama, anasema hakukaa naye sana. Wewe tu ndiye unayemjua. Alikuwaje?"

Fundi akafungua mdomo. Huyu ni mtu anayeweza kukusimulia pigano la sokoni ngumi kwa ngumi mpaka chai yako ipoe. Lakini juu ya yule mwanamke hakuwahi kumwambia mtu neno tangu azikwe. Angemwambia nani, wakati hadithi yote ilikuwa imefungwa? Alijikuta amekaa. Amekaa juu ya fremu tupu ya kochi, springi zinamchoma, na hakuzisikia.

"Alikuwa mfupi," alisema. "Mfupi kuliko wewe. Akienda dukani alikuwa anavaa kandambili zangu, zinampwaya, anaziburuta. Nilikuwa namsikia toka mbali kwamba anarudi."

Akasikia msichana anavuta pumzi.

"Endelea," Msomaji akasema. "Wameanza kupanda, lakini mimi niko mwisho wa foleni. Endelea."